Punje ya Jua

Mwalimu Mbeleje alimtemea Daktari Nyemo mate usoni kabla hata hajalazwa kitandani.

Mkewe, Mama Sechelela, aliruka kumfuta Nyemo kwa ncha ya kitenge huku machozi yakimtoka kwa aibu. "Nisamehe, binti yangu. Huyu siye yeye. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, anatapika, choo hapati. Na tangu juzi ananiita kwa jina la marehemu mama yake."

"Nimezoea," alisema Nyemo, ingawa hakuwa amezoea. Mwanamume aliyekuwa akimtukana kwa sauti ya kukwaruza ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yake ya msingi, mtu aliyekagua kucha za wanafunzi kila Jumatatu na asiyepandisha sauti hata siku moja.

Alimshika mkono kwa nguvu, akamtoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye kipimo. Dirishani mwanga wa mji wa Chimbalanga ulikuwa uleule wa kila siku, mweupe na mzito kama maziwa. Paa lilitandazwa juu ya mji Nyemo akiwa mdogo, baada ya miaka ya joto lililoua watu vitandani mwao. Liliwaokoa na joto. Lakini liliziba pia ule mwale unaoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na miaka michache baadaye watoto walianza kutembea kwa matege, na vichanga wakawa wanakufa kwa degedege.

Ndipo ikaja Punje ya Jua. Iliwekwa chini ya ngozi ya mkono wa kila mkazi, na kwa mtoto siku anapozaliwa, ikawa inatoa vitamini kidogokidogo maisha yake yote. Kipimo kilipangwa na Baraza la Mji kwenye mnara uliozirushia punje zote amri, kimoja kwa mji mzima.

Nyemo alisoma jibu, akarudia kupima. Kalsiamu ilikuwa juu kiasi kwamba Nyemo alishangaa Mwalimu kuwa bado na nguvu za kutema mate. Vitamini ilikuwa imejaa mwilini hadi pomoni.

"Mama, kuna matone yoyote anayotumia? Vidonge vya dukani?"

"Hakuna. Ana punje tu, kama sisi wote."

"Alianza kuugua lini?"

Mama Sechelela aliangalia mlangoni kabla ya kujibu, kisha akapunguza sauti. "Baraza lilipoongeza kipimo."

Kila mtu aliikumbuka siku hiyo. Spika za mitaa zilitangaza kwamba punje sasa itatoa mara mbili, na kwamba mafua, huzuni, hata saratani, vitabaki historia. Watu walicheza ngoma barabarani. Nyemo hakucheza. Alikuwa amesoma tafiti. Vitamini hii inaponya mifupa ya aliyepungukiwa, lakini kwa mwenye nayo ya kutosha, ya ziada huongeza kidogo sana au haiongezi kitu. Alisema hivyo kwenye kikao, wakamwambia ana roho ya kwa nini.

* * *

Daktari Ngatunga, Mganga Mkuu wa Mji, alikuja mwenyewe mchana ule akiwa na askari wawili. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na ndiye aliyemfundisha Nyemo kushika kisu cha upasuaji. Alimtazama mgonjwa, akatazama kipimo, akatikisa kichwa.

"Mpe dripu. Mpe dawa za kushusha kalsiamu. Punje iache."

"Itakuwa kudeki sakafu bomba likiwa wazi, daktari. Figo zake zinakufa."

"Nimesema iache."

"Basi mzimie yake peke yake."

"Mnara haumjui mtu mmoja. Mnara unaujua mji."

"Basi punguzeni ya mji. Rudini kwenye kipimo cha zamani."

Ngatunga aliwaashiria askari watoke, akasogea karibu. "Mwanangu, nikisema leo tulikosea kipimo, kesho watasema tulikosea dawa. Mwaka wa wagomaji wewe ulikuwa shuleni. Mimi nilikuwa wodini. Watu walichomoa punje za watoto wao kwa sababu mhubiri mmoja aliota ndoto, na watoto walikakamaa mikononi mwangu, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kuchomoa punje ni jinai. Sheria ile niliiandika mimi, nikiwa nimetoka kuzika."

"Na huyu tumzike?"

"Huyu mtibu," alisema Ngatunga. "Kwa vyote isipokuwa hicho."

Alipoondoka, Nyemo alifunga mlango. Mama Sechelela aliushika mkono wa mumewe akaukandamiza kitandani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ganzi, mkato wa upana wa ukucha, koleo. Punje ilitoka ikiwa na damu, ndogo kama mbegu ya mtama, na ilipoachana na joto la mwili ikaanza kulia kama kifaranga.

Spika za mtaa zililia pia. "Punje imetolewa. Kituo cha Afya cha Kusini. Punje imetolewa."

Watu walijaa uani kabla Nyemo hajamaliza kushona. Wa kwanza kufika alikuwa mwanamke aliyembeba mgongoni msichana mkubwa, miguu ya msichana ikining'inia imepinda kama upinde. Hakupiga kelele. Alimgeuza binti yake ili daktari aione miguu vizuri, kisha akaokota jiwe akavunja dirisha.

"Mvunja mifupa!" mtu alipaza sauti nyuma yake, na wengine wakaidaka.

Jina hilo lilimganda. Lilichorwa kwa mkaa ukutani kwa kituo na kwenye lango la nyumba yake. Ngatunga alimfungulia mashtaka. Lakini Kusini hakukuwa na daktari mwingine, hivyo Nyemo, askari akiwa amekaa mlangoni, aliendelea kutibu watu ambao walimnyooshea mkono bila kumtazama usoni.

Na Mwalimu Mbeleje akapona. Haikuwa haraka, kwa sababu vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili na hutoka kwa kusuasua. Alilala wiki nyingi, dripu mkononi, amekatazwa maziwa na dagaa. Figo moja haikurudi. Lakini asubuhi moja alimwita mkewe kwa jina lake, akaomba kioo na wembe, akajinyoa ndevu mwenyewe.

Binti yake, Sechelela, ndiye aliyemletea kioo. Alikuwa na mimba changa, na alikuwa mwanamke wa maswali mafupi.

"Kwa hiyo hii kitu ilikuwa inamuua baba?"

"Ndiyo," alisema Nyemo. "Ingekuwa jua halisi, ngozi yake ingejizuia yenyewe. Jua halijamzidishia mtu vitamini. Lakini punje inaingiza tu, haijui kusimama. Sisi wengine tuna kimeng'enya kinachovunja ile ya ziada. Nadhani baba yako alizaliwa bila hicho. Kipimo cha zamani alikihimili kwa shida. Hiki kipya kimemlemea."

"Na mimi ni damu yake."

"Ni damu yake nusu. Uwezekano mkubwa ni kwamba wewe uko salama, na mtoto anaihitaji vitamini hiyo kwako. Usiiguse mpaka upimwe vinasaba."

"Nipimwe wapi?"

Maabara ya vinasaba ilikuwa ya Baraza, na Baraza lilikuwa limekataa maombi yake yote. Sechelela alimtazama akihangaika kutafuta neno, akaelewa alichotaka kuelewa.

Siku chache baadaye spika zililia tena, safari hii zikitaja nyumba ya Sechelela. Alikuwa ameitoa kwa wembe, ameketi jikoni kwake saa za kupika chakula cha mchana. Zikataja nyumba ya pili, ya kumi, mtaa mzima. Spika zikawa zinalia kutwa hadi askari wakachoka kukimbia.

* * *

Mji uligeuka, na kugeuka kwake kulimtisha Nyemo kuliko mawe.

Walijiita Mikono Mitupu. Walifunga kitambaa cheusi juu ya kovu, wakasimama langoni kwa kituo wakimpigia makofi. Walimletea kuku. Waliimba jina lake. Askari aliyekuwa akimlinda alijikuta akitukanwa yeye.

"Sikusema mzitoe!" Nyemo aliwapigia kelele. "Niliitoa kwa mgonjwa mmoja!"

"Tunajua wanakulazimisha useme hivyo, daktari," walimjibu kwa upole, kama watu wanaomtuliza mtoto.

Mtoto wa Sechelela alizaliwa nyumbani. Walimwita Yona. Hakuwekewa punje, na Nyemo hakukaribishwa kumwona, kwa kuwa alishamwambia Sechelela mara mbili kwamba anakosea.

Alimwona Yona asubuhi moja mvua ikitiririka juu ya Paa. Sechelela aliingia akikimbia bila viatu. Mtoto alikuwa amekakamaa mikononi mwake, vidole vimejikunja, macho yamepinda juu, midomo ya bluu.

"Ni homa," alisema Sechelela. "Ni homa tu, si ndiyo? Sema ni homa."

Mtoto hakuwa na joto. Nyemo alitafuta mshipa kwenye mkono ule laini, akaukosa, akaupata kichwani. Aliingiza kalsiamu polepole sana, kwa sababu ikikimbia inasimamisha moyo, na muda wote aliweka sikio lake kifuani kwa mtoto, akihesabu kimoyomoyo. Vidole vya Yona vililegea kimoja kimoja. Akavuta pumzi ndefu, akalia.

Kipimo kilionyesha alichokitarajia. Kalsiamu chini kabisa. Vitamini karibu hakuna.

Sechelela alisoma uso wake. "Ni kwa sababu ya punje."

"Ni kwa sababu ya kukosa punje. Hukuwa nayo wakati wa mimba, na maziwa yako hayana ya kumpa."

"Wewe ndiye uliyemtoa baba punje!" Sechelela alimvamia, akamshika koti la kazi, akamtikisa. "Ulisema inaua! Kwa mdomo wako huo! Ulisema inaua!"

Nyemo hakujitetea. Kwamba mtoto anaihitaji alisema pia, lakini alimwambia mwanamke aliyemwona baba yake akikaribia kufa, na hakuwa na maabara ya kumwonyesha.

* * *

Ngatunga alifika saa sita. Alimtazama Yona aliyelala, akavuta kiti. Alikuwa amekonda.

"Huyu ni wa kwanza," alisema. "Nina wajawazito wengi waliofunga vitambaa vyeusi. Unajua kinachokuja."

"Najua."

"Hawanisikilizi mimi. Wewe watakusikiliza. Jioni kuna mkutano ukumbini, na spika zote zitakuwa wazi. Sema Mwalimu Mbeleje aliugua figo. Sema punje haikuhusika, ulikosea. Mashtaka nitayafuta. Wiki hii hii watarudi, na vichanga watapona."

"Na walio kama Mwalimu?"

"Wangapi hao? Mmoja katika maelfu?"

"Hatujui. Hatukuwahi kupima."

"Basi hao huwajui," alisema Ngatunga. "Huyu hapa unamjua. Ana jina."

Nyemo alijaribu sentensi ile kichwani. Ilikuwa fupi na ingefanya kazi. Watu wangapi wamepata nafasi ya kuokoa watoto wa mji mzima kwa uongo mmoja?

"Kubali," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mwalimu Mbeleje, amesimama na fimbo, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu. "Nimesikia. Sema niliugua figo. Sema nilikunywa gongo kama unataka. Mimi nimeishi, daktari. Usinitetee mimi kwa roho ya mtoto."

Sechelela, aliyekuwa ameketi sakafuni na kichwa ukutani, hakufungua macho. "Sema, dada. Angalau mara hii sema kitu ambacho watu watakielewa."

Wote watatu walikuwa wanataka kitu kimoja, na hilo ndilo lililomfanya Nyemo afikiri upya. Alimtazama Yona.

"Nikisema hivyo," alisema taratibu, "kesho Yona atawekewa punje. Kwa kipimo cha mnarani, mara mbili. Hakuna atakayempima vinasaba, kwa sababu nitakuwa nimeshasema ugonjwa huo haupo." Alimgeukia Mwalimu. "Na kama amerithi damu yako? Akianza kutapika na kudumaa, nimwambie nini mama yake? Nimpeleke maabara gani?"

Ngatunga alitazama viatu vyake.

"Jioni nitakuja," alisema Nyemo. "Lakini sijaahidi kitu."

* * *

Ukumbi ulijaa pande mbili, na katikati askari waliacha njia. Kushoto vitambaa vyeusi. Kulia wazazi wenye watoto wa matege, na mwanamke aliyevunja dirisha alikuwa mstari wa mbele, binti yake mapajani.

Nyemo aliposhika kipaza sauti, upande wa kushoto ulisimama ukashangilia.

"Kaeni," alisema. "Leo nimemtibu mtoto wa degedege. Amekuwa mgonjwa kwa sababu hana punje, na mama yake hakuwa nayo wakati wa mimba. Mlio wajawazito na mmeitoa, mtoto aliye tumboni anaumia sasa hivi. Rudini muwekewe."

Shangwe ilikatika. Upande wa kulia ukapiga vigelegele, na Ngatunga, kwenye kiti chake jukwaani, alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na Mwalimu Mbeleje," aliendelea Nyemo, "alikuwa anauawa na punje."

Ngatunga alifumbua macho.

"Yote mawili ni kweli. Dawa hii ikikosekana inaua, ikizidi inaua. Kipimo kinachomfaa mmoja kinaweza kumlaza mwingine. Kipimo cha zamani kilitutosha wengi wetu. Baraza liliongeza bila ushahidi, na limefunga maabara ambayo ingetuonyesha nani haihimili. Nataka kipimo kirudi kilipokuwa. Nataka maabara ifunguliwe, kila mtu apimwe, na asiyeihimili atolewe punje bila kuitwa mhalifu. Na anayeihitaji asiitoe."

"Msaliti!" walipiga kelele kushoto. "Wamekununua!"

"Muuaji!" walijibu kulia. "Unawatia watu hofu tena!"

Kiti kiliruka kikampiga begani. Kitu kingine, hakujua nini, kilimpasua mdomo. Hata makelele yalikuwa yameungana sasa. Mwenye kitambaa cheusi na mwenye mtoto wa matege walikuwa wanamtukana Nyemo kwa pumzi moja, bega kwa bega. Alisimama palepale, mikono yote miwili imeshika kipaza sauti, damu ikidondokea koti.

Ngatunga alinyanyuka. Alimnyang'anya kipaza sauti kwa hasira, na wengi walidhani atamkana. Aliwatazama wajawazito wenye vitambaa vyeusi, kisha damu kwenye koti la Nyemo.

"Kipimo kitarudi cha zamani," alisema hatimaye. "Kesho. Maabara itafunguliwa." Akakiweka chini. Kisha, bila kipaza sauti, karibu kabisa na sikio la Nyemo: "Umeniua. Utaupima mji huu wote kwa mikono yako, halafu uondoke. Nisikuone tena."

* * *

Foleni ya kupimwa ilipita mbele ya kituo ikazunguka uzio. Haikuwa na furaha. Watu walinyoosha kidole, wakageuza uso pembeni, wakatobolewa, wakaondoka. Baadhi yao walivaa vitambaa vyeusi mpaka wanafika mezani, wakavifungua dakika ya mwisho na kuvitia mfukoni. Maneno ya mkaa ukutani yaliongezeka, na sasa yalikuwa ya aina mbili, Mvunja mifupa na Msaliti.

Maabara iliwapata wengine kama Mwalimu Mbeleje. Hawakuwa wengi. Mmoja alikuwa binti yule wa miguu iliyopinda. Miguu ilipinda utotoni, kabla hajapata punje, na tangu kipimo kilipoongezwa alikuwa akitapika kimyakimya kwa miezi, mama yake akiamini ni minyoo. Nyemo alimtoa binti punje, mama akiwa amesimama kando yake. Mama hakusema asante. Alichukua punje, akaiangalia kiganjani, akamrudishia.

Sechelela alikuja watu wakiwa wamepungua, Yona amefungwa kifuani. Alikuwa ameshawekewa ya kwake upya, bandeji ilionekana chini ya mkono wa gauni.

"Mbukwa, Sechelela."

"Usinisalimie. Nambie majibu."

Nyemo aligeuza kioo cha kompyuta ili waangalie pamoja. "Amerithi nusu moja ya kasoro hiyo kutoka kwa babu yake, kupitia kwako. Nusu nyingine, aliyopewa na baba yake, ni nzima. Anaweza kuivunja vitamini, ila taratibu kidogo kuliko watoto wengine. Kipimo cha zamani kinamfaa. Kile cha mara mbili, sijui kama angekiweza."

Sechelela alimtazama mwanawe, kisha akatazama sindano ya kuwekea punje iliyokuwa mezani.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika wa leo. Inabidi apimwe kila mwezi, mpaka aanze kutembea."

"Na nani? Nasikia wanakufukuza."

"Atakuja mwingine."

"Mwingine simjui." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sikupendi, dada. Nikikuona nakumbuka mtoto wangu akiwa wa bluu. Lakini ukiniambia hujui, huwa kweli hujui. Kwa Ngatunga nitakwenda mwenyewe, na baba atakuja na fimbo yake. Huendi popote."

Alimfungua Yona, akamlaza mezani, akaushika mkono wake mdogo kwa mikono yote miwili.

"Weka."

Sindano ilipoingia Yona alipiga yowe. Sechelela hakutazama pembeni kama wengine. Alikazia macho vidole vya Nyemo mpaka vikamaliza, akamnyanyua mtoto, akamfunga kifuani akiwa bado analia, na kugeuka kuelekea mlangoni.

"Mwezi ujao," alisema. "Uwepo."